Kabla hujauza ufuta ukalipie leza: maisha ya Dk. McIndoe, tabibu wa walioungua

Msomaji wangu, wiki hii naanza na mama mmoja aliyetoka Likawage. Kama hujawahi kufika, Likawage iko ndani kabisa ya Wilaya ya Kilwa, mbali na ile bahari ambayo wengi huiwaza wakisikia jina la Kilwa. Huko ni mashamba ya ufuta na msitu, na masika yakikolea kusafiri na mgonjwa ni kazi. Mama huyo alikuja na binti yake wa miaka sita aliyemwagikiwa na uji wa moto miezi kadhaa iliyopita. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki kovu nene linalong'aa, limetambaa kutoka juu ya mkono hadi chini ya kiwiko.

Mama akatoa simu. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemtumia picha ya tangazo: upande mmoja uso wenye makovu, upande wa pili uso laini, na chini yake maneno kuhusu mashine ya leza inayofuta makovu. Alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua kama akiuza ufuta wote wa msimu huu, fedha zitatosha kumlipia mtoto leza.

Nilimwomba binti anyooshe mkono. Kiwiko kikagoma katikati ya njia. Kwa mkono ule hawezi kubeba ndoo, hawezi kujisuka, na akiendelea kurefuka mifupa itakua huku kovu likiivuta. Tatizo lake kubwa halikuwa sura ya ngozi hata kidogo.

Nitalijibu swali la mama huyu kwa njia ndefu kidogo, kupitia maisha ya daktari aliyefariki mwaka 1960. Mengi tunayowafanyia leo watu walioungua yana alama za mikono yake. Na ingawa alizaliwa mbali sana na kwetu, safari yake ilimfikisha hadi miguuni mwa Kilimanjaro.

Archibald McIndoe alizaliwa Mei 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Baba yake alikuwa mpiga chapa, mama yake msanii wa kuchora. Baba alifariki Archibald akiwa bado kijana, na mama akabaki na watoto. Kijana alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago palepale mjini, kisha akapata nafasi ya kwenda Marekani, katika Mayo Clinic, ambako alijifunza upasuaji wa tumbo na kufanya utafiti juu ya ini. Ukimtazama wakati huo usingedhani kwamba jina lake litakuja kuhusishwa na ngozi.

Mwaka 1930 alihamia London akiwa na mke na mtoto, akiamini kuna kazi inamsubiri. Haikuwapo. Aliyemwokoa ni ndugu yake wa ukoo, Sir Harold Gillies, naye mzaliwa wa New Zealand, ambaye katika Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa amewatengeneza upya wanajeshi waliopasuliwa nyuso kwa risasi na mabomu. Gillies akamchukua na kumfundisha kazi. Kwa muda McIndoe alifanya pia upasuaji katika hospitali ya magonjwa ya nchi za joto jijini London. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza katika upasuaji wa kurekebisha maumbile, na vita vilipoanza mwaka uliofuata akapelekwa katika hospitali ndogo ya mji wa East Grinstead, kusini mwa London. Ilikuwa hospitali ya mji mdogo tu, ya aina ambayo hapa kwetu ungepita barabarani usiigeukie.

Halafu ukaja mwaka 1940 na vita vya angani. Katika ndege za kivita za wakati ule tangi la mafuta lilikuwa mbele ya rubani. Likipigwa, moto humvamia usoni na mikononi, hasa yule aliyekuwa amevua glavu na miwani ili aone na kushika vizuri. Vijana wa miaka 20 walianza kuletwa East Grinstead bila kope za macho, bila pua, vidole vimeshikana.

Wakati huo dawa ya kuungua iliyosifiwa kila mahali ilikuwa asidi ya tanini. Wewe wa pwani unaijua tanini hata kama hujawahi kuisikia kwa jina hilo: imo katika magome ya mikoko, nayo ndiyo inayofanya ngozi ya ng'ombe ikakauke na kuwa ngumu kama ya kiatu. Ikipakwa juu ya kidonda cha moto hutengeneza gamba gumu, jeusi, linaloonekana kama limeziba kila kitu salama. Wauguzi waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi. McIndoe alipoyaondoa magamba hayo aliona yaliyokuwa chini yake: usaha, vidole vilivyokosa damu kwa kubanwa, na kope zilizovutwa hadi jicho likashindwa kufumba. Jicho lisilofumba hukauka, na likikauka hupofuka.

Nakuomba usimame hapa kidogo, mzazi mwenzangu, kwa sababu sisi bado tuna tanini zetu. Nimeona watoto waliopakwa dawa ya meno, ute wa yai, majivu, unga, hata mafuta ya taa. Nia ni njema kabisa, na kinachotushawishi ni kilekile kilichowashawishi wale wauguzi: kidonda kinaonekana kimefunikwa. Lakini joto linabaki ndani likiendelea kuunguza, uchafu unaingia, na mtoto akifika hospitali tunalazimika kukwangua vyote hivyo huku analia.

McIndoe alikuwa ameona jambo jingine pia. Marubani walioangukia baharini baada ya kuungua walikuwa wakipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaanza kuwaogesha wagonjwa katika mabafu ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kila siku, na kuwafunga vidonda kwa vitambaa laini visivyoganda kwenye nyama. Akapigana na wakubwa mpaka tanini ikaachwa kupakwa kwenye nyuso na mikono.

Najua kuna msomaji wa Masoko au Kivinje anayefikiria kumpeleka mtoto aliyeungua akamchovye baharini. Usifanye hivyo. Maji ya hospitali yana chumvi gramu 9 katika lita moja, kama yalivyo majimaji ya mwili wako. Bahari ina chumvi karibu mara nne ya hapo, na inabeba vijidudu pamoja na kila kilichotupwa ufukweni.

Kwa mtoto aliyeungua sasa hivi, maji yanayotakiwa ni ya kawaida, safi, ya baridi ya mtungini. Yamwagie pole pole juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 nzima, tazama saa, kwa sababu dakika 20 mtoto akiwa analia ni ndefu sana na wengi huacha baada ya mbili. Maji yakiwa ya shida, tumia kitambaa safi kilicholoweshwa, ukibadilishe mara kwa mara. Usitumie barafu. Mvue nguo na bangili kabla mkono haujavimba, ila nguo iliyogandamana na nyama iache. Mwili wake uliobaki ufunikwe asipate baridi, hasa akiwa mchanga. Kisha funika kidonda kwa khanga iliyofuliwa na kuanikwa juani, uanze safari. Hata kama mmechelewa, ndani ya saa tatu za kwanza maji bado yanasaidia. Mtoto aliyeungua uso, mkono, mguu, sehemu za siri au mahali penye kiungo asisubiri kuona kama atapata nafuu nyumbani. Vivyo hivyo aliyeungua eneo kubwa, aliyeunguzwa na umeme, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Na mwenye kifafa aliyeangukia jikoni apelekwe kwa mambo mawili, moto na kifafa chenyewe, maana kifafa kina dawa na asipozipata ataanguka tena.

Turudi East Grinstead. Kufunga kidonda ilikuwa mwanzo tu wa kazi. McIndoe alitengeneza kope mpya kwa ngozi laini kutoka sehemu nyingine za mwili. Pua aliijenga kwa njia ya Gillies: ngozi ya kifuani, tumboni au begani inakatwa pande mbili, inakunjwa kama bomba, upande mmoja ukibaki umeshikamana na mahali ilipotoka ili damu iendelee kupita, na upande wa pili unashonwa usoni. Kwa wiki kadhaa mgonjwa anatembea na kitu kama mkonga. Bomba likishashika damu ya mahali papya, ndipo linapokatwa kule lilikotoka. Wapo waliofanyiwa upasuaji makumi ya mara, kwa miaka.

Na kati ya upasuaji mmoja na mwingine palikuwa na mazoezi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, nami nalisema hili karibu kila siku kliniki. Mtu aliyeungua hukunja kiungo kwa sababu kukunja hupunguza maumivu. Mama kwa huruma anamwacha mtoto alale amejikunja. Kovu nalo kwa asili yake husinyaa kadiri linavyokomaa, likimkuta kiwiko kimekunjwa linakifunga hapohapo. Kwa hiyo mkono ulioungua mbele ya kiwiko hunyooshwa na kufungiwa kibao, aliyeungua shingo ya mbele hulala bila mto, na vidole hutenganishwa kimoja kimoja. Kibao huendelea kuvaliwa usiku kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, na kovu husuguliwa kwa mafuta laini kila siku. Mtoto atalia. Ni bora alie sasa.

Binti wa Likawage hakuwahi kupewa kibao. Aliruhusiwa kurudi nyumbani kidonda kilipofunga, na hakuna aliyemwambia mama yake kwamba kazi ilikuwa bado.

McIndoe hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, aligombana na maofisa, na wauguzi waliomfanyia kazi walihitaji moyo mgumu. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika baada ya vita, akaoa tena. Lakini kwa wagonjwa wake alifanya jambo ambalo hospitali nyingi hazikulijua. Aliona kwamba kijana unaweza kumpa pua mpya na bado akakataa kutoka mlangoni. Basi aliondoa zile sare za wagonjwa zilizowafanya waonekane kama wafungwa, akawaruhusu kuvaa sare zao za jeshi au nguo zao. Wodini aliweka pipa la bia, jambo ambalo silipendekezi kwa wodi yoyote ninayoijua. Jeshi lilikuwa na kanuni ya kumwondoa kazini mtu aliyekaa na majeraha zaidi ya siku 90. Alipigana nayo mpaka vijana wake wakabaki kwenye mishahara huku wakitibiwa.

Kisha akawageukia watu wa mji. Alizungumza na familia za East Grinstead, akawaomba wawakaribishe vijana wale majumbani na madukani, wawatazame usoni kama wanavyomtazama mtu yeyote. Mji ukakubali. Vijana wenye mikonga usoni wakawa wanaingia sinema na kunywa chai kwa majirani, na ule mji ukapata jina la mji ambao watu wake hawakukodoa macho.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao, wakajiita simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanyiwa majaribio maabara, kwa sababu walijua kwamba mengi waliyofanyiwa yalikuwa hayajawahi kujaribiwa. Mweka hazina walimchagua aliyeungua miguu, ili asiweze kutoroka na fedha. Katibu wakamchagua aliyeungua vidole, ili asiandike mihtasari mirefu. Vita vilipokwisha wanachama walikuwa 649. Waliendelea kukutana kila mwaka hadi 2007, wakiwa wazee.

Mwaka 1947 alipewa cheo cha Sir. Baada ya vita alianza kuja Afrika Mashariki na akawa na shamba upande wa Kilimanjaro, Tanganyika. Huku alikutana tena na Michael Wood, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, ambaye alikuwa amejifunza kwake upasuaji wa kurekebisha maumbile. Wood aliujua ugonjwa wa nchi hizi kwa macho yake: watoto walioangukia mafiga, watu waliojeruhiwa na wanyama, midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, wote wakiwa siku nyingi za safari kutoka kwa mpasuaji. Mwaka 1956, miguuni mwa Kilimanjaro, McIndoe, Wood na Mmarekani Tom Rees walipanga jinsi ya kumpeleka daktari kwa ndege pale mgonjwa alipo. Mwaka uliofuata shirika likaanzishwa. Leo unalifahamu kwa jina la Amref, na wale madaktari wanaoruka bado wanaruka kutoka Nairobi.

McIndoe alifariki usingizini London, Aprili 1960, akiwa na miaka 59. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la Jeshi la Anga jijini humo, heshima ambayo raia hawapewi. Mwezi uliofuata, Mei 1960, huko California, mwanafizikia Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Walipishana kwa wiki chache tu.

Sasa nimefika kwenye swali la mama.

Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa na nguvu sana mahali padogo. Ile inayotumika kurekebisha ngozi ya juu hufyonzwa na maji yaliyomo katika ngozi, maji yanachemka mara moja, na tabaka lile linaondoka. Kwa lugha ya wazi, ni kuunguza kwa kipimo. Mashine za awali ziliondoa eneo zima. Tangu mwaka 2004 imeenea njia ya kutoboa vitundu vidogo sana vingi, vikiachiwa ngozi nzima kati yake, na ngozi hiyo nzima ndiyo inayoponya vitundu. Kwenye kovu la moto inaweza kulilainisha, kupunguza unene na mwasho, na kulifanya livutike kidogo. Sikatai faida hiyo. Ninaifurahia kwa wagonjwa wanaofaa.

Ila matangazo hayasemi yanayofuata baadaye. Ngozi huvimba, huwa nyekundu au nyeusi zaidi, hutoa majimaji na kufanya magaga kwa karibu wiki nzima. Inaoshwa taratibu na kupakwa mafuta mazito mfululizo, bila kubandua magaga. Jua ni adui kwa miezi: mtoto anayekwenda shamba la ufuta saa sita mchana hawezi kuitunza ngozi ile. Mara nyingi inahitajika kurudia, kila mara baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo ukipanga bajeti ya mara moja umekosea hesabu. Na ngozi zetu nyeusi zina mambo mawili ya ziada. Kila jeraha, hata la leza, linaweza kuacha weusi unaokaa miezi mingi. Na mwenye asili ya kuota makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe anaweza kutoka na kovu baya kuliko alilokwenda nalo. Mwendeshaji anapaswa kupunguza nguvu ya mashine na kujaribu kwanza sehemu ndogo, kisha kusubiri. Kabla ya kutoa senti muulize kama ni daktari bingwa wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na ameshatibu ngozi nyeusi ngapi. Akikasirika, ondoka. Wapo mabingwa wa ngozi waliofundishwa hapahapa nchini, katika kituo cha mafunzo kilichopo KCMC Moshi.

Mkorogo usiuguse kabisa kwa ajili ya kovu. Zebaki na dawa nyingine zilizomo huumiza ngozi na figo.

Kuhusu kiwiko, leza haikinyooshi. Kovu lililofunga kiungo hukatwa kwa upasuaji, pengo linazibwa kwa ngozi iliyotolewa mara nyingi pajani, halafu kibao na mazoezi vinaanza upya. Huo ni upasuaji unaofanyika Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, na mara nyingine na madaktari wanaotembelea hospitali za mikoani, ndiyo maana huwa nasema uliza hospitali ya wilaya kabla hujapanda basi.

Nilimwandikia mama barua ya rufaa. Nilimwambia ufuta auze kama kawaida, atoe nauli na matumizi ya wiki kadhaa za kukaa mjini, na aweke kando fedha za kurudi kliniki, kwa sababu mtoto ataangaliwa mara nyingi mpaka amalize kukua. Akauliza kama kovu litaondoka. Nikamjibu kuwa halitaondoka, litabadilika, na mkono utanyooka zaidi. Alikaa kimya, kisha akauliza jambo ambalo nilipaswa kulisema mimi kwanza: shuleni wenzake wanamtania na amegoma kwenda, afanyeje? Tulikubaliana aende kumwona mwalimu wake kabla ya safari, azungumze naye ana kwa ana, na amwombe binti akae dawati la mbele pamoja na rafiki yake mmoja aliyemtaja kwa jina. Binti akatikisa kichwa kukubali. Kibao cha usiku tulikitengeneza siku hiyohiyo ili kovu lisizidi kuvuta wakati wanasubiri tarehe.